Firigisi ya Chura

Juzi mteja alikuja saluni na dawa yake mwenyewe ya kunyoosha nywele, kwenye chupa ya kahawia isiyo na lebo. Nilipoipaka na kupitisha pasi, moshi ukapanda ukanichoma macho, na kabla sijakohoa nilikuwa nimeshaijua ile harufu. Ilikuwa ya wale vyura wa shuleni. Dada Mtanzania ninayefanya naye kazi akafungua dirisha la upande wa barabara. "We mama, unatuua humu ndani!" Mteja akacheka, mimi nikacheka, nikamaliza kichwa chake. Lakini siku nzima harufu haikunitoka puani, na pamoja nayo kulikuwa na msichana mmoja anaitwa Ayanda.

Sijui kama jambo hili linafaa kuandikwa. Shule niliishia gredi ya kumi, na wenye kujua kuandika wataona mapengo. Tena sisi wa rika langu, tulioletwa Joburg tukiwa watoto, tukikaa pamoja tunasimulia njia, mipaka na foleni za karatasi. Hayo yana uzito. Hili langu ni la darasani tu, hakuna aliyeumia. Nitajaribu kulisema kama lilivyokuwa, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Tulitoka Uvira, Kongo, tukapata chumba Turffontein katika nyumba ya familia nyingi. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo moja Marshalltown, kwa hiyo mchana alilala nyuma ya pazia na sisi tulijifunza kuongea kwa kunong'ona. Mama alishona nguo za watu dirishani. Nadhani ndiyo sababu hata shuleni sauti yangu ilikuwa ndogo, ingawa labda ningekuwa hivyo hata kama baba angekuwa mwuza magazeti.

Nisiwasingizie wenzangu. Hakuna aliyenipiga. Kuna siku waliniita kwerekwere, tusi lao kwa Waafrika wa kuja, lakini mvulana mmoja Mvenda naye walimpa majina, na aliyekuwa mnene, na mwenye miwani. Kilichonichosha si majina. Ni kwamba hakuna aliyekuwa na haja na mimi. Saa ya mapumziko nilikaa karibu na bomba la maji, kwa sababu mtu akisimama bombani anaonekana ana kitu anachokisubiri.

Ayanda alikaa dawati la mbele yangu. Alikuwa na kicheko cha kumfanya hata mwalimu ageuke. Siku moja alinigeukia akaniomba rula, akapiga mstari wake, akanirudishia, akasema, "Sharp." Neno hilo huku ni asante, ni sawa, ni kwaheri, kila mtu anamwambia kila mtu. Mimi nililitunza wiki nzima.

Basi mwalimu wetu wa sayansi, ambaye sote tulimwita Mem, akatangaza kwamba Ijumaa tutapasua vyura. Vyura ni wachache, akasema, kwa hiyo wawili wawili, kwa kufuata majina ya ukoo kwenye rejista. Akaanza kusoma. Nikasikia jina langu, na mara tu baada yake jina la Ayanda. Mwaka mzima majina yetu yalikuwa yamekaa pamoja na mimi sikujua.

Nilifika nyumbani nikiwa karibu kukimbia.

"Mama, Ijumaa tunapasua chura."

Mama akasimamisha cherehani. "Mutamukula?"

"Hapana. Tunaangalia ndani."

"Munaangalia ndani mupate nini?"

"Moyo, maini. Halafu tunachora."

"Na nyama inabakia kwa nani?"

"Wanatupa."

"Eee, Yesu wangu. Shule ya wazungu." Akafikiri kidogo. "Lakini wewe angalia nyongo. Ukipasua nyongo umeharibu yote, hata kama ni chura."

"Muniache nilale," baba akasema nyuma ya pazia, "ninyi watu wa vyura!"

Mama alisema hivyo kwa sababu kazi ya kuku nyumbani ilikuwa yangu. Kuku hakuwa wa kila siku. Alikuja Krismasi, au mgeni wa kanisa akitoka mbali. Mimi nilimnyonyoa, nikampasua, nikatoa nyongo kwanza kwa ncha ya vidole, halafu nikatafuta firigisi. Ninyi mnajua habari ya firigisi. Nayo haikatwi vipande ikapotea sufuriani. Inaoshwa, inapikwa nzima, inawekwa peke yake mbele ya baba, na kama kuna mgeni, baba anaisogeza kwa mgeni. Anayeipata anajua kwamba katika nyumba hii ameonekana. Mimi niliosha firigisi zote za utoto wangu na sikuwahi kuila hata moja, wala sikulalamika. Kila mtu alijua iko mikononi mwa nani kabla haijafika sahanini, na hiyo ilinitosha.

Ijumaa darasa zima lilinuka ile dawa ya kuhifadhia vyura. Vyura walikuwa kwenye ndoo, rangi imewatoka, miguu imenyooka kama watu waliolala vizuri. Mem alipita na koleo akiweka mmoja mmoja kwenye kila sinia. Wasichana walijifunika pua kwa kola za shati. Mvulana mmoja, Sipho, aliyekuwa na utani na kila kitu chenye uhai, akaita kutoka nyuma, "We Congo! Lunch yako imefika!"

Wakacheka. Mem akasema, "Sipho, kwa kuwa una njaa, wewe ndiye utaanza." Hapo wakacheka zaidi, na niseme ukweli, mimi pia nilicheka.

Ayanda alikuwa amesimama mgongo ukutani, mikono nyuma.

"Mimi siigusi hiyo," aliniambia chini chini.

"Kwa nini?"

"Gogo amekataa." Gogo ni bibi, alilelewa na bibi yake. "Gogo anasema chura haji mwenyewe. Chura anatumwa. Ukimkuta mlangoni, mtu amemleta."

Nilimsikia, lakini nilimsikia kama mtoto anavyosikia. Kwetu wapo watu wasiokula sungura, wapo wasiokula kambare, na mtu akikwambia sigusi kitu fulani, unasema sawa, unamsogezea sahani nyingine. Nilifikiri ni hivyo tu, mwiko wa ukoo. Nikamwambia, "Usijali. Nitapasua mimi. Wewe andika majina."

"Serious?"

"Serious."

Akatoa pumzi. "Eish, umeniokoa, rafiki yangu."

Leo najua hapa hata kondakta anayekuzidishia nauli anakuita rafiki yangu. Siku ile sikujua, au nilijua na sikutaka kujua.

Nikaanza kazi. Ubaoni Mem alikuwa ameandika hatua: ngozi, msuli, moyo, mapafu, na kuendelea. Mimi sikuangalia ubao. Nilipasua tumbo na vidole vyangu vikaenda vyenyewe kutafuta nyongo, nikaikuta kati ya maini, kijipunje cha kijani, nikaitoa bila kuipasua. Nilijisikia vizuri sana. Mem akapita akasimama.

"Nani amekwambia uanze hapo?"

"Mama yangu, Mem."

"Mama yako hatatoa alama. Soma ubao." Akaandika kitu kwenye karatasi yake akaenda. Na alikuwa sahihi. Nilikuwa nimekata njia nyingine zote kuifikia ile nyongo, na mishipa tuliyotakiwa kuichora ilikuwa imeharibika. Sikumpika yule chura, lakini nilimtengeneza kama wa kupikwa.

Ayanda alikuwa ameinama kwenye karatasi, uso ameupeleka pembeni, anaandika majina kwa mwandiko wake wa kulala. Alikuwa ananisubiri. Nilikuwa sijawahi kuwa na mtu ananisubiri katika lile darasa. Na hapo nikaliona tumbo la chura, lile la ndani la chakula, jeupe, limejikunja, gumu kidogo ukilibonyeza. Kwangu ile ilikuwa firigisi, na firigisi ina mwenyewe.

Sikufikiri kwamba ataila, mnielewe. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilifikiri tu: hii ndiyo sehemu bora, basi aichore yeye, iwe yake. Nilitaka ajue kwamba ameonekana. Nikaikata, nikaiweka juu ya kipande cha karatasi safi, nikamnyooshea kwa mikono miwili kama mama alivyonifundisha.

Na Ayanda, macho yakiwa bado kwenye mchoro, aliona kwa pembeni mikono miwili inamletea kitu. Naye alikuwa mtoto wa kufundishwa. Akaacha kalamu, akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Ngiyabonga." Asante.

Halafu akaangalia.

Wasichana wengi walipiga kelele siku ile, kelele za kutaka kusikika. Ya Ayanda haikuwa hiyo. Ilitoka fupi, ikakatika, kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme. Karatasi ikaanguka. Darasa likapasuka kwa kicheko, Sipho akipiga dawati: "Congo anamlisha Ayanda! Congo anamlisha!" Mem akaokota lile tumbo kwa koleo, akaliangalia kwenye mwanga. "Tumbo zuri kabisa. Kuna mtu anaweza kuniambia lina kazi gani?" Ayanda alikuwa ameshatoka nje. Dirishani nilimwona bombani, mahali pangu, anaosha mikono, anaosha, anafunga maji, anafungua tena.

Nilijua nimemwogofya. Nilidhani ni ule ulaini wa kitu, na baridi yake. Jumamosi na Jumapili nilipanga maneno ya kuomba msamaha kwa Kiingereza.

Sikuyahitaji. Jumatatu kengele ya mwisho ilipolia, Ayanda alikuwa amesimama getini, na aliponiona hakugeuka.

"Gogo anataka kukuona," alisema.

Kwetu bibi wa mwenzako akitaka kukuona, ni kwa sababu jina lako limetajwa vizuri. Tukaenda Rosettenville kwa miguu. Tulipita kando ya ukuta wa uwanja wa mbio za farasi, kuna harufu ya samadi na majani yaliyokatwa, jua limelala juu ya lami. Yeye alitangulia hatua kidogo. Nilidhani ni kwa sababu njia ni nyembamba. Niliongea kuliko nilivyoongea mwaka mzima. Nilimweleza ziwa letu, na ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa mchangani wanavyong'aa, na baba anavyotugombeza kutoka nyuma ya pazia. Akajibu "Mm." Akajibu "Oh." Nikaona ni msikilizaji mzuri. Kichwani nilikuwa nimeshamkaribisha kwetu, na nimeshaamua tutampikia nini.

Walikaa chumba cha nyuma ya nyumba ya watu wengine, kama sisi. Gogo alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Nikampigia goti. Akafurahi, akasema kitu kwa Kizulu, nikaelewa nusu: mtoto mzuri, amelelewa. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji.

Nadhani kosa langu kubwa lilikuwa hapo, kubwa kuliko la darasani. Kwetu mgeni akifika, kabla ya chakula, analetewa beseni ananawishwa mikono. Nilipoliona lile beseni nilijua nimekaribishwa mezani. Nikakunja mikono ya sweta mwenyewe, bila kuambiwa, nikaingiza mikono. Gogo akatikisa kichwa, ameridhika. Akachukua mikono ya Ayanda akaiweka ndani ya maji yaleyale, juu ya yangu. Ilikuwa ya moto. Nikafikiri, kumbe tutakula sahani moja.

Gogo akaongea kirefu. Ayanda alikuwa anaangalia maji.

"Anasema chukua," Ayanda akatafsiri.

"Nichukue nini?"

"Kile ulichonipa. Anasema nilikipokea kwa mikono miwili, na nilisema asante. Kwa hiyo kimeingia. Sasa ukichukue wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Sikuelewa mara moja. Kulikuwa na redio chumba cha jirani, na nakumbuka niliusikiliza wimbo mpaka nusu yake kabla maneno hayajanifikia. Kisha nikaona mambo yote kwa mpigo: geti, ile njia, yeye kutangulia mbele, "Mm" na "Oh."

Nikajaribu kueleza. Kiingereza changu hakikuwa na neno la firigisi. Mem hakufundisha hiyo. "Nyumbani, kuku," nikasema. "Kuna sehemu nzuri. Ni ya mgeni. Nilimpa iliyo nzuri."

Ayanda akamtafsiria. Gogo aliniangalia muda mrefu, na macho yake hayakuwa mabaya.

"Chura si kuku, mwanangu," alisema.

Hilo nalo ni kweli.

"Labda moyo wako ulikuwa mweupe," akaendelea, taratibu ili nielewe. "Sikatai. Lakini huyu mtoto halali. Tangu Ijumaa. Anakaa kitandani ameshika mikono yake hivi."

Ndipo nilipomwangalia Ayanda usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Macho yalikuwa mekundu na chini yake kumevimba. Hakuwa ananichezea. Alikuwa ananiogopa mimi, niliyeogopa kila mtu. Na nikaona kwamba nikikataa, ataendelea kuogopa. Na nikikubali, nimekubali kwamba nilimpa kitu kibaya, na lile jambo zuri pekee nililowahi kumpa mtu katika shule ile litakuwa halikuwahi kuwa zuri. Sikuyafikiri kwa maneno haya. Nilikuwa mtoto, mikono yangu ilikuwa ndani ya maji pamoja na ya kwake, na nilijua kwamba nikishasema, ataitoa.

"Sema kwa lugha yako," Gogo akaniambia. "Mungu anazijua zote."

Nikasema kwa Kiswahili, "Nilichompa Ayanda nimekichukua. Hakikuwa kibaya. Lakini nimekichukua, alale."

"Amen," Gogo akasema, bila kujua nimesema nini.

Ayanda akatoa mikono yake, akaikung'uta, akaifuta kwenye sketi. Mimi yangu niliiacha majini mpaka Gogo aliponipa taulo. Maji akaenda kuyamwaga mbali, karibu na mtaro, akarudi akanikalisha na kunipa chai yenye maziwa mengi na skonzi mbili za moto, na akaniuliza habari za mama. Runingani kulikuwa na katuni. Baada ya muda Ayanda akacheka kwa kitu alichokiona, kile kicheko chake kilekile. Siwezi kusema sikufurahi kukisikia.

Kwa miaka mingi nililisimulia jambo hili vibaya. Nilisema tazameni jinsi wenyeji walivyotudhania, wametufanya wachawi. Watu wananielewa haraka nikilisimulia hivyo, na kila mmoja ana lake la kuongeza. Lakini si haki. Mama yangu angekuta binti yake halali kwa sababu ya kitu alichopewa na mtoto wa watu, angefanya nini? Angeita wachungaji, angemwita mtoto huyo, na sina hakika kama angempa skonzi. Jioni ile nilipofika nimechelewa alinigombeza, nikamwambia nilikuwa kwa mwenzangu wa shule. Akauliza, "Walikupa chakula?" Nikasema, chai na skonzi. "Basi ni watu," akasema, akarudi kwenye cherehani. Sikumwambia mengine. Ayanda alinisalimia kila asubuhi mpaka nilipoacha shule, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia jirani wa bibi yake. Muhula uliofuata, tulipopasua moyo wa kondoo, Mem alituacha tuchague wenyewe wa kufanya naye.

Lakini siku ile, nilipomaliza chai, Gogo alimwambia mjukuu wake anisindikize hadi robot, zile taa za barabara kuu, kwa sababu magari ya jioni ni mengi. Tukaenda. Safari hii tulikuwa sambamba, kwa vile alikuwa haogopi tena. Tukafika tukasimama. Taa ya waendao kwa miguu ikawa kijani. Mimi nikainama nikafungua kamba ya kiatu, nikaifunga upya, pole pole, mpaka taa ikawa nyekundu.

"Ilikuwa green," Ayanda akasema.

"Sikuiona."

Tukaendelea kusimama. Alikuwa ananuka sabuni na skonzi. Magari yalipita, na mtu yeyote aliyepita pale angeona wasichana wawili wa sare moja wanaosubiri pamoja. Taa ikawa kijani tena. Nikaangalia upande mwingine.

"Hamba," alisema. Nenda. Alisema kwa upole. "Nenda sasa, itabadilika."

Nikavuka. Nilipofika ng'ambo niligeuka, na alikuwa bado amesimama palepale, ananiangalia. Sijui kama alikuwa anahakikisha nimevuka salama, au anahakikisha nimekwenda. Nilimpungia mkono kwa yote mawili.